Uzi Mwekundu Ndani ya Pindo

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Fundi mwenyewe ndiye anayeanza kusema hivyo, kabla hujamuuliza hata habari za asubuhi, kama mtu anayewahi kufungua mlango ili mgeni asije akauvunja.

"Andika hivyo hivyo," anasema. "Usinitilie sukari. Mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga wa sauti kubwa."

Ni saa mbili asubuhi. Jua limepanda ngazi ya kwanza ya kibaraza na kusimama hapo, kama mteja asiye na haraka. Cherehani ya miguu imefunikwa kitambaa na imenyamaza. Pembeni yake fundi ameketi kwenye kigoda, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, sketi ya bluu iliyokolea imelala mapajani. Mkononi hana sindano. Ana nusu wembe, na kazi anayoifanya ni kufumua.

Anakata mshono mmoja, anaruka kadhaa, anakata mwingine. Kisha anavuta, na uzi mwekundu unatoka ndani ya pindo mzima mzima. Anauzungusha kwenye kidole, anautupa kwenye kopo tupu la rangi lililo miguuni pake. Kopo limeshafika nusu. Nyuma yake, juu ya meza ya kukatia, sare za shule zimerundikwa hadi zinakaribia kuifunika kalenda ukutani.

"Waume wa wenzangu wanashona, wangu anafumua," anasema mkewe, aliyeketi mlangoni akishikiza vifungo. Hainui macho. "Nikiulizwa mume wangu anafanya kazi gani siku hizi, sijui nijibu nini."

"Sema nimestaafu."

"Mstaafu hupewa kiinua mgongo. Wewe umeambulia maumivu ya mgongo."

Fundi anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Kinakatikia kwenye sketi.

Mtaani watu wanamwita Pindo. Wateja wapya hudhani ni jina la ukoo. Amepewa kwa sababu ya namna anavyoshona: mafundi wengine huacha pindo la vidole viwili chini ya sketi au kaptula ya shule, yeye huacha la vidole vinne. Kitambaa hicho cha ziada hukunjwa kwa ndani na kusubiri. Mtoto akirefuka, pindo linafumuliwa, linashushwa, na nguo inaishi mwaka mwingine.

"Mtoto hashonewi nguo ya leo," anasema. "Anashonewa ya mwakani. Wanakua hawa. Unampima Ijumaa, akija kuchukua Jumatano ni mtu mwingine."

Ni maneno anayoyapenda, na mpaka muhula huu alikuwa akiyasema akiwa amejipiga kifua. Sasa anayasema akitazama pembeni. Utaona sababu.

Kwa wiki ya kawaida, sare nne za kulipiwa ni wiki nzuri. Shule zikifunguliwa hufanya kazi mpaka miguu ikavimba kwa kukanyaga pedali. Miezi mingine huishi kwa kubadilisha zipu na kupunguza suruali za watu waliokonda. Lakini kwa miaka kadhaa sasa, katikati ya kazi hizo, ameshona pia sare za watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Hawa hawalipi. Nguo zao hutoka kwenye mabaki ya vitambaa na kwenye sare kuukuu zinazoletwa na wazazi ambao watoto wao zimewabana. Fundi huzifumua, hugeuza upande usiopauka, hukata upya. Pindo ni vidole vinne kwa wote, anayelipa na asiyelipa.

Kilichomsukuma alikipata utotoni. Siku moja mstarini, mwalimu alimwona kaptula imechanika nyuma, akamrudisha nyumbani mpaka ipatikane nyingine. Baba yake akamwambia apumzike kidogo, na kwa kuwa kupumzika bure si kazi, akapelekwa kwenye tanuri la matofali kubeba matofali mabichi. Kwa muda tu.

"Hiyo 'kwa muda tu' ndiyo imenifikisha kwenye mvi hizi," anasema. "Watu wanadhani mtoto huacha shule kama anavyoshuka kwenye basi. Hapana. Leo anarudishwa kwa sababu ya nguo. Kesho anaona haya kutokea. Keshokutwa kuna mtu ana kazi ndogo ya kumpa. Kazi ndogo, mkono mdogo, vinafaana. Basi, umempoteza."

Mwenzake katika shughuli hii ni mwalimu wa darasa la mtihani katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya kukatia magogo. Akimwona mtoto amekuja na nguo isiyofaa, hamwambii neno mbele ya wenzake. Humwita na kumtuma: "Nenda kwa Pindo kaniletee chaki." Mtoto akifika kibarazani akasema ametumwa chaki, fundi huchukua futi na kumpima. Jioni mtoto anarudi na kipande cha chaki ya kushonea mkononi, ili uongo uwe na ushahidi. Hakuna aliyewahi kushtuka. Watoto walidhani mwalimu anakula chaki.

Huo ndio utaratibu ambao fundi aliuharibu kwa mikono yake.

Ilianza na hasira. Mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke mwenye gari na ufunguo wake, alikuja na sketi ya mwanawe akasema, "Fundi, hii ni ya zile zako za bure, niachie pindo lishuke." Kwa sare za bure, kuachia pindo nako ni bure. Fundi alikuwa na kazi nyingi, hakuangalia uso, akaachia. Alipokuja kugundua, roho ilimuuma wiki nzima.

Sasa, ndani ya kabati alikuwa na donge kubwa la uzi mwekundu, masalia ya jezi za timu moja ambayo iliagiza, ikafungwa mechi zote, ikaona haya kuja kuchukua. Uzi huo haukuwa na kazi. Fundi akaupa. Tangu siku hiyo, kila sare ya bure ilipigwa mstari mwekundu kwa ndani ya pindo, mahali pasipoonekana. Mtu akija kuomba kuachiwa bure, fundi anageuza pindo: kuna nyekundu, karibu; hakuna, toa mkoba.

"Mimi nilimwambia alama ya urefu wa kidole inatosha," anasema mkewe.

"Nikamjibu kazi yangu haina nusu. Nikapiga kuzunguka pindo lote," anasema fundi, na kushusha wembe. "Na wewe uliuliza swali ambalo sikulijibu."

"Niliuliza alama ni ya nini."

"Sijalijibu mpaka leo."

Mwenye gari aliporudi na sketi ya pili, fundi alikuwa anamsubiri kwa hamu. Aligeuza pindo mbele ya wateja wote, akaliinua juu kama mtu aliyekamata mwizi wa kuku. "Hakuna nyekundu hapa, mama. Nyekundu ndiyo ya msaada. Hii ni ya kulipa." Kibaraza kizima kilivunjika mbavu. Kwenye banda la chai aliirudia hadithi hiyo mpaka wenzake wakaijua kwa moyo, na kila mara aliongeza chumvi kidogo.

Hata sasa, akiisimulia, tabasamu linaanza kumjia lenyewe. Kisha linakumbuka linakokwenda, linarudi.

"Yule mama alikuja na mwanawe," anasema. "Amesimama pale, karibu na ngazi. Mimi nilikuwa nazungumza na mama yake, na wateja, na dunia nzima. Sikukumbuka kwamba mtoto naye ana masikio, na Jumatatu anakwenda shule."

Binti aliyelipia kicheko kile ana miaka kumi na mitatu. Fundi alimbandika jina la Twiga kwa sababu ya miguu yake, na mtaa ukalichukua. Anaishi na mama yake, ambaye hufua nguo katika nyumba za watu, kwenye chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Kitanda, ndoo tatu, kamba ya nguo iliyofungwa kutoka dirisha hadi msumari wa mlango. Katika muhula mmoja Twiga alirefuka mpaka sketi ikamwacha magoti nje.

Mama yake hakutaka kumsumbua fundi tena. "Alishatushonea bure," anasema. "Kila kukicha nimwendee? Nina sindano, nina macho."

Usiku wa Jumapili alifumua pindo mwenyewe, akalishusha lote. Kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani kikatoka nje, na mstari mwekundu ukatoka nacho, ukazunguka sketi nzima chini kidogo ya magoti.

Aliuona. Aliushika, akauvuta kidogo, akaogopa. "Nilidhani ndio ulioshikilia sketi. Nikasema nikiutoa, nguo yote itafumuka, na asubuhi mtoto atavaa nini?"

Kwa hiyo aliuacha. Fundi anayeacha vidole vinne kwa sababu watoto hukua alikuwa amesahau jambo moja tu, kwamba watoto hukua.

Mtoto wa mwenye duka ndiye aliyeutambua. Hakuwa na ubaya mkubwa. Alikuwa na habari, na mtoto mwenye habari haishiki, kama asivyoshika kaa la moto. Kufikia kengele ya mapumziko, darasa zima lilijua kwamba nyekundu ni ya msaada. Kufikia siku ya pili, kulikuwa na mchezo. Ulikuwa na jina: "Pindo juu." Kundi linakuzunguka, unaambiwa ugeuze ncha ya nguo yako waone ndani. Aliyekutwa na nyekundu aliimbiwa. Aliyekataa kugeuza aliimbiwa zaidi.

Watoto kadhaa walikutwa. Mmoja aliichana kaptula yake kwa kuung'oa uzi kwa meno. Twiga hakuhitaji kugeuza kitu. Wake ulikuwa nje. Alivumilia siku chache, kisha kiti chake kikabaki kitupu.

Mwalimu wake hakujua lolote kuhusu mchezo. Alichokijua ni kwamba zilibaki wiki chache tu za kuandikishwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mtoto asiyekuwepo asingeandikishwa. Akapita kibarazani.

"Pindo, yule binti yako mrefu ameonekana kwenye yadi ya vyuma chakavu. Anachambua chupa."

"Niachie mimi," fundi akasema.

Hakuuliza kwa nini. "Nilijua sababu," anasema sasa. "Mimi wakati wote nilikuwa najua sababu. Nikasema huyu ameona vijisenti, amelewa. Nikavaa viatu."

Yadi hiyo ni uwanja wenye uzio wa mabati yaliyotoboka. Upande mmoja kuna vyuma: fremu za vitanda, mabomba, milango ya magari. Upande wa pili kuna vilima vya chupa za plastiki, na chini ya kila kilima wameketi wanawake na watoto wanaobandua karatasi na kutenganisha vifuniko kwa rangi. Katikati kuna mizani ya bamba kubwa, na mwenye yadi, mtu mnene wa maneno machache, wanayemwita Bwana Mizani.

Fundi aliingia na futi yake shingoni, na akaanzia getini.

"Twiga! We Twiga! Mimi nimekata, nimeshona, nimepiga pasi, halafu wewe umekuja huku kushindana na kuku kuchakura?"

Mikono ikasimama kwenye vilima vyote. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alipoona amepata wasikilizaji, alishika kiuno. Akawasimulia kaptula yake iliyochanika. Akawasimulia tanuri. Akasema watoto wa siku hizi hawana shukrani, akauliza ni wangapi wangeipigania sketi ile, akamwambia mama mmoja aliyeketi karibu, "Nawe unamtazama tu, mama yangu, kama si mwanao?" Mama yule akainamisha kichwa. Alikuwa na wawili wake pale pale.

"Fundi, punguza," Bwana Mizani akasema. "Tunapima."

"Pima na haya ninayosema."

Twiga alimaliza gunia lililokuwa mbele yake. Akalifunga mdomo. Akafuta mikono kwenye mapaja, kisha akaivua ngata iliyokuwa kichwani mwake, ile ya kubebea magunia. Akaikunjua. Ilikuwa sketi ya bluu. Akaitandaza juu ya bamba la mizani, akainyoosha kwa viganja mpaka mstari mwekundu ukalala wote mbele ya macho ya watu.

"Shuleni wanasema nyekundu ni ya msaada wa Pindo," akasema. "Wanatuimbia."

Akarudi kwenye kilima chake, akaketi.

"Nilikuwa namwomba Mungu aendelee," fundi anasema. "Atukane. Alie. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Yeye akachukua chupa nyingine akaanza kubandua karatasi."

Hakuna aliyecheka. Bwana Mizani alianza kutafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Fundi alibaki ameinamia mizani, na jicho lake, kwa mazoea, likaukagua mshono. Ulikuwa umenyooka. Haukuwa umeruka hata mahali pamoja.

"Ulikuwa mzuri," anasema taratibu. "Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimeupiga vizuri sana."

Akatoka. Alipofika nje ya mabati akaivua futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni, ili asije akatambulika njiani kuwa ni fundi cherehani.

Banda la chai hakulitia mguu tena. Rafiki zake walituma salamu, kisha walituma maswali, kisha walikuja wenyewe. Akawaambia tumbo linamsumbua. Mkewe alimpa siku mbili za kujikunyata, kisha akamwekea cherehani mafuta kama ishara kwamba muda wa msiba umekwisha.

"Sasa utafanya nini?" akamuuliza.

"Nitasimama kwenye geti la shule. Kila mwenye nyekundu namfumulia pale pale."

"Usimame getini kwa watoto na wembe mkononi? Utarudi nyumbani na polisi."

"Basi niwaite hapa."

"Uwaiteje? Utasema, 'Wenye nyekundu njooni'?"

Hapo fundi aliona ukubwa wa shimo alilojichimbia. Hakuwakumbuka wote aliowashonea. Kuwatafuta ni kuwakagua, na kuwakagua ni kucheza "Pindo juu", safari hii mchezaji akiwa mtu mzima mwenye mvi. Ule uzi aliutia peke yake, lakini asingeweza kuutoa bila kumwonyesha mtu kidole.

Jibu lilitoka kwa mwalimu, alipokuja na kuelezwa yote. Alisikiliza hadi mwisho. Hakumkaripia, jambo ambalo fundi anasema lilikuwa baya kuliko makaripio. "Miaka yote hii nimeitwa mla chaki," alisema tu, "na wewe ukaenda kuweka bendera."

Siku iliyofuata shule ikatangaza: sare zote za wanafunzi wote, wa darasa la kwanza hadi la mtihani, zipelekwe kwa fundi zikashushwe na kunyooshwa mapindo. Bure kwa kila mtu, wenye nacho na wasio nacho. Ziende darasa baada ya darasa, zikiwa zimerundikwa pamoja kwenye magunia.

Ndiyo maana ya mlima ulio juu ya meza leo, na kopo la nyuzi miguuni. Kila sare inafumuliwa, inashushwa kadiri ya mwenye nayo, inapindwa upya kwa uzi wa bluu. Ikiwa na nyekundu, nyekundu inaingia kwenye kopo. Zikirudi shuleni, hakuna awezaye kusema ipi ilikuwa ipi.

Wiki hii mlangoni haijaingia hata pesa ya mkaa wa pasi. Kazi za kulipiwa zimesogezwa, na mwenye suruali ya harusi amekwisha kupita mara mbili akiitazama kwa huruma.

"Mama wa vifaa vya ujenzi naye ameleta?" anaulizwa.

"Tatu," fundi anajibu. "Nimeziachia zote, sikusema neno. Maneno ninayo. Nimeyameza, ndiyo yanayoniumiza tumbo."

Mama yake Twiga alikuja jioni moja, mikono bado imekunjamana kwa maji ya sabuni. Hakuketi.

"Kaka Fundi, sikuja kugombana."

"Gombana tu, dada. Nimejiandaa."

"Nimekuja kuuliza. Ule uzi ulikuwa wa nini?"

Akamweleza: mwenye gari, udanganyifu, hasira.

"Kwa hiyo uliogopa kuibiwa."

"Si na nyinyi. Na yule."

"Lakini yule anatembea na nguo safi. Aliyetiwa alama ni wangu."

Fundi aliinuka. Akafungua kabati, akatoa kitambaa kipya, kipande alichokuwa amekinunua kwa ajili ya mteja, akasema atamshonea binti sketi na shati, vitu vya dukani, si mabaki. Mama akakishika kitambaa kwa vidole viwili, kama anavyoshika nguo za watu kabla ya kuzitia majini.

"Nitakichukua," akasema. "Lakini zile kuukuu unazozikata zinanuka kabati. Nitakuwa nazifua na kuzipiga pasi kabla hujazigusa. Muhula mzima."

"Dada, mimi sitaki malipo."

"Basi kirudishe kabatini," akasema, na alikuwa amekwisha kugeuka.

"Njoo Jumatano," fundi akasema haraka. "Yapo magunia mawili."

Amekuja, na amekuja tena. Zile kuukuu sasa zinaning'inia nyuma ya kibaraza, nyeupe na bluu, zinanukia jua. Fundi anakiri kwamba mkasi unapita vizuri zaidi.

Kulibaki jambo moja, na ndilo kubwa. Twiga alikuwa bado yuko yadini. Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kuandikishwa. Mama yake alisema hamvuti kwa kamba. Amemweleza, na amemwachia.

Jumamosi mchana, anakuja. Anapanda ngazi za kibaraza akiwa nyuma ya mama yake, viganja vyeusi kwa kazi ya wiki. Anamwamkia fundi, fundi anaitikia kwa sauti ndogo kuliko ya kawaida yake. Hamwiti Twiga. Hamwiti chochote. Mkewe anawapisha mlangoni, anakaa na vifungo vyake.

Sketi iko tayari, imebaki kupimwa. Binti anaivaa juu ya gauni lake. Fundi anapiga magoti, anamwomba radhi kwa kunong'ona, anaweka alama kwa chaki.

"Umekua tena," anasema.

"Najua."

Anaivua. Kabla hajaikunja, anaipeleka penye mwanga, anageuza pindo, anapitisha kidole kwa ndani kuanzia mshono wa ubavuni mpaka anarudi pale pale alipoanzia. Fundi anabaki amepiga magoti mpaka amalize. Uzi ni bluu, wote.

"Nzuri," binti anasema.

Hapo fundi anapata pumzi, na pumzi ikimjia maneno hayako mbali. Anasimama. Anasema amefikiri sana. Jumatatu atavaa shati lake jeupe, lile pale limeshapigwa pasi, aende naye shuleni mguu kwa mguu. Atasimama mstarini mbele ya shule nzima. Atawaambia kosa ni lake, si la mtoto yeyote. Wamcheke yeye. Wamwimbie yeye, na kama hawajui wimbo, atawafundisha.

"Itakuwa vizuri," mama anasema polepole. "Wakisikia kwako watanyamaza."

Mkewe fundi ameinua macho. Amesimamisha sindano.

"Usije," binti anasema.

"Lazima nije. Nilikufokea mbele za watu, siwezi kukuomba radhi uchochoroni."

"Umeshaniomba."

"Wewe, ndiyo. Bado wenzako. Mimi silali, mwanangu. Niache nikaseme."

"Utawaambia kosa gani?"

"La uzi."

"Uliowatilia akina nani?"

"Sitamtaja mtu jina," anasema. "Nitasema tu, wale watoto ambao niliwashonea."

Binti anaikunja sketi mara mbili, anaiweka kwapani. Kwenye meza ya kukatia anaokota kipande cha chaki, anakifuta vumbi, anakishika mkononi kama mtu aliyetumwa.

"Jumatatu nakwenda, na nakwenda peke yangu," anasema. "Wewe ukisimama pale mstarini, baba, huo nao si uzi mwekundu?"